Mwongozo Kamili wa Kuandika Riwaya Nyepesi ya Mapenzi na Kuifurahia Kazi Yenyewe

Msomaji anayefungua riwaya nyepesi ya mapenzi anajua kitakachotokea. Hawa wawili watapendana, watakosana, watapatana. Anayajua hayo kabla hajamaliza ukurasa wa tatu, na bado anakesha nayo. Waandishi wengi wanaoanza huona aibu juu ya jambo hilo, wakahangaika kuuficha mwisho kana kwamba wanaandika hadithi ya upelelezi. Mimi naona hapo ndipo raha ya kazi hii ilipo. Mwisho ukishajulikana, huna haja tena ya kumtisha msomaji. Unabaki na kazi moja tu, kumchelewesha kwa namna atakayoipenda. Yeye haulizi kama watapendana. Anauliza watapendanaje, hawa walivyo wabishi hivi.

Kila hatua hapa chini inalifuata swali hilo. Ili tusizungumze hewani, tutatembea na mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: daktari wa mifugo asiyeogopa fahali mwenye hasira lakini anayetetemeka akikaribia kipilefti, na mwalimu wake wa udereva, mwanamume ambaye maisha yake yote hajawahi kuondoa mguu kwenye breki ya upande wake.

Hatua ya 1: Weka ahadi, kisha uitunze

Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, kilichoundwa mwaka 1980, kilizitambua riwaya hizi kwa mambo mawili tu: penzi liwe ndiyo kiini cha hadithi, na mwisho uridhishe moyo na kuacha matumaini. Yaliyobaki ni hiari yako. Ukimuua mmoja wao katika sura ya mwisho utakuwa umeandika tanzia. Tanzia ni kazi ya heshima, lakini msomaji wako hakuja kwa ajili hiyo, na hatakusamehe.

Ahadi hii ni kongwe. Zaidi ya miaka 400 iliyopita Shakespeare aliwaweka jukwaani Beatrice na Benedick, watu wawili wanaorushiana maneno makali kila wanapoonana. Mtazamaji hachelewi kutambua kwamba watu wanaoshughulikiana kiasi hicho hawachukiani hata kidogo. Wanaochelewa kujua ni wao wawili, na huko kuchelewa kwao ndiko kunakochekesha.

Tahadhari moja: nyepesi si tupu. Wahusika wako wanaweza kuwa wamefiwa, wana madeni, au wanaogopa uzee. Wepesi uko katika sauti ya msimulizi, ile sauti inayomwambia msomaji toka mwanzo kwamba yuko mikononi mwa mtu anayejua njia.

Kwa hiyo anza na mwisho. Chukua karatasi, andika picha moja ya ukurasa wa mwisho. Wa kwetu uko hivi: daktari anaendesha gari, mwalimu amekaa kando yake, na miguu yake ameikunja juu ya kiti. Hahitaji breki tena. Hujui bado wamefikaje hapo, na kazi ya miezi ijayo ni kujua.

Hatua ya 2: Okota, usisubiri kushukiwa na msukumo

Watu husema hawana msukumo, kumbe wanautafuta mahali pasipo pake. Wanakaa wakifikiria mapenzi. Ukifikiria mapenzi utapata machweo, waridi na mvua, yaani vitu ambavyo kila mtu ameshavipata. Fikiria kero. Fikiria kazi za watu, sheria ndogo ndogo za mahali, na uongo mdogo ambao watu huusema ili waonekane nadhifu.

Tafuta daftari linaloingia mfukoni. Kwa siku 14, kila siku andika mistari mitatu tu. Mstari wa kwanza ni sentensi uliyoisikia mtu akiisema, kama ilivyo, bila kuinyoosha. Wa pili ni kanuni ya mahali fulani: nani anakaa wapi, nani haruhusiwi kugusa nini, lifti hii inabeba watu wangapi. Wa tatu ni kitu ambacho mtu alijifanya anakijua, anakipenda au hakioni. Baada ya wiki mbili utakuwa na mistari 42. Sasa oanisha mistari isiyohusiana, na kati yake tia neno "itakuwaje kama".

Daktari wetu na mwalimu walipatikana hivyo. Siku moja niliandika kwamba magari ya shule za udereva huwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Siku nyingine nikaandika maneno ya mtu aliyesema, "Mimi siogopi kitu, ila nisiguswe tu ninapofanya." Nilipoiweka mistari hiyo pamoja hadithi ilianza kujiandika yenyewe: mtu asiyetaka kuguswa anapofanya kitu, ndani ya gari ambalo mwenzake anaweza kulisimamisha wakati wowote.

Mistari mingi haitaoana na chochote. Iache ilipo.

Hatua ya 3: Wape sababu ya kupendana hawa, na si wengine

Uzuri wa sura haumtofautishi mtu katika aina hii ya riwaya, maana wote ni wazuri. Unachohitaji kwa kila mmoja ni mambo matatu: anachokitaka kwa sauti, anachokihitaji kimoyomoyo, na jambo lisilo kweli analoliamini kuhusu nafsi yake. Daktari anataka leseni. Anahitaji mtu wa kumwachia mzigo mara moja moja. Anaamini kwamba akiomba msaada ataonekana dhaifu. Mwalimu anataka mwanafunzi huyu afaulu ili jina la shule lisiharibike. Anahitaji kumwamini mtu mwingine na usukani. Anaamini kwamba akiacha kuangalia, jambo baya litatokea.

Kisha jaza sentensi hii kwa kila mhusika: "Anampenda kwa sababu ya ___, na hicho hicho ndicho kinachomkera." Daktari anaupenda utulivu wa mwalimu, na utulivu huo huo unamtia wazimu. Ukishindwa kujaza pengo, usiende hatua ya nne. Una watu wawili wazuri waliokaa kwenye gari, huna riwaya.

Hatua ya 4: Kikwazo cha kweli

Hapa ndipo riwaya nyingi huanguka, na yangu ya kwanza iliangukia hapo hapo. Niliwatenganisha wahusika wangu kwa ujumbe wa simu uliofutwa kwa bahati mbaya. Nilipofika sura ya 12 nilikaa mbele ya kurasa kwa wiki tatu bila kuongeza neno. Nilidhani msukumo umenikauka. Siku moja rafiki aliyekuwa akiisoma akaniuliza, "Kwa nini asimpigie tu?" Sikuwa na jibu, na mswada ule uliishia hapo.

Kipimo ni rahisi. Kama mazungumzo ya dakika tano yanaweza kuumaliza mgogoro, huo si mgogoro. Kikwazo imara kina tabaka mbili. La nje linaonekana: mwalimu haruhusiwi na shule kuwa na uhusiano na mwanafunzi hadi atakapofaulu, na mwanafunzi ameshafeli mara nne. La ndani ndilo lenye nguvu: kila mwalimu anapokanyaga breki yake, daktari anasikia "sikuamini", na kila daktari anapokataa kuelekezwa, mwalimu anasikia "sikuhitaji". Hata wakizungumza usiku kucha hawatalimaliza hilo, kwa sababu haliko kwenye maneno. Liko miguuni.

Ona pia jinsi tabaka la nje lilivyo na mzaha wake: ili wawe pamoja inabidi afaulu, na akifaulu hawana tena sababu ya kuonana kila Jumanne. Ukipata kikwazo chenye mkunjo wa namna hiyo, shangilia. Sura sita zimejiandika.

Hatua ya 5: Chora ramani, lakini isikubane

Riwaya fupi za mfululizo mara nyingi huwa na maneno kati ya 50,000 na 60,000. Zile zinazosimama peke yake mara nyingi hufika 70,000 hadi 90,000. Kwa mara ya kwanza lenga 60,000. Hizo ni sura 30 za maneno 2,000.

Wakutane mapema, ikiwezekana kwenye sura ya kwanza. Kufikia robo ya hadithi wawe wameshafungwa pamoja na jambo wasiloweza kulikwepa. Katikati kitokee kitu kinachowaonyesha maisha yao yangekuwaje kama wangekuwa jasiri: busu, safari, usiku wa kusubiri ng'ombe azae. Robo tatu, uongo ambao kila mmoja anauamini kuhusu nafsi yake unashinda na wanaachana. Sura za mwisho mmoja wao, na ni bora wawe wote wawili, anafanya kitu ambacho katika sura ya kwanza asingethubutu kukifanya.

Usione haya kutumia njia zilizopitiwa na wengi: maadui wanaogeuka wapenzi, uchumba wa kuigiza, watu waliokwama mahali pamoja, penzi la zamani lililorudi. Wasomaji huzitafuta kwa majina yake. Upya unatoka kwenye breki ya mwalimu, yaani kwenye kitu kimoja mahususi ambacho hakuna mwingine anacho.

Hatua ya 6: Majibizano

Ningeweza kuandika mwongozo mzima juu ya hatua hii pekee, maana hapa ndipo msomaji hupenda na mwandishi hustarehe. Tazama kwanza toleo baya:

"Tafadhali kanyaga breki," alisema mwalimu kwa hasira.
"Usinifokee! Wewe ni mwalimu mkali sana," alijibu daktari kwa hasira pia.

Kila mtu amesema anachokihisi, na mambo yamekwisha. Sasa hili:

"Breki, daktari."
"Nimekanyaga."
"Hiyo ni klachi."
"Basi na klachi imesikia."

Hakuna aliyetaja hasira wala mvuto, lakini tumeshajua kwamba daktari hatakubali kosa hata gari likipanda ukingo, na kwamba mwalimu atalala usiku akicheka peke yake. Siri ya majibizano ni kwamba kila mmoja anajibu kitu kilicho kando kidogo ya alichoulizwa. Huko kando ndiko penzi linakojificha.

Jaribu zoezi hili kwa dakika 15. Andika mistari 20 ya watu wawili wanaobishana juu ya jambo dogo kabisa, kama dirisha lifunguliwe au lifungwe. Hairuhusiwi kutaja hisia. Hairuhusiwi "alisema kwa upole". Kisha futa mstari wa kwanza na wa mwisho. Karibu kila mara mazungumzo huwa bora yakianzia katikati.

Kiswahili nacho kina mitego na zawadi zake. Mtego mkubwa ni kwamba nafsi ya tatu haisemi jinsia. "Alimtazama, akamshika mkono, akacheka." Nani kacheka? Suluhisho si kurudia majina kila sentensi hadi yachoshe. Mpe kila mhusika vitendo na vifaa vyake: mmoja ana usukani, mwingine ana daftari la alama, mmoja hukuna kidevu, mwingine hufunga na kufungua mkanda. Msomaji atamtambua kwa mikono yake.

Zawadi ni namna watu wanavyoitana. Mwanzoni ni "mwalimu" na "daktari", kwa adabu kamili, na adabu hiyo ni ngao. Baadaye "daktari" inaanza kutamkwa kwa kejeli. Kisha kwa utani. Siku atakapomwita kwa jina lake kwa mara ya kwanza, pengine kwa kuteleza ulimi, hiyo peke yake ni sura nzima, na hakuna haja ya muziki nyuma. Weka hesabu ya nani anamwita nani nini, sura kwa sura. Ukiipoteza, utakuwa umetumia silaha yako kali kabisa bila kujua.

Na methali? Nipe moja iliyokosewa na mhusika anayejiona mjuzi, nikuachie kumi zilizonukuliwa sawasawa.

Hatua ya 7: Amua joto

Mlango wa chumbani ubaki wazi, ufungwe nusu, au ufungwe kabisa? Yote yanakubalika. Amua mapema, kisha uwe na msimamo mmoja, maana msomaji huudhika zaidi na kigeugeu kuliko na uamuzi wowote. Jambo moja halina mjadala: ubishi wa kuchekesha ni wa watu wawili wanaotaka kuwepo pale. Mhusika aliyekataa na bado anafuatwa hachekeshi.

Hatua ya 8: Kuandika kila siku bila kujitesa

Anthony Trollope, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi posta, aliandika riwaya kwa makumi akiwa na saa yake mbele ya macho. Alijiwekea maneno 250 kila robo saa, tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sikushauri umwige. Mimi nilijaribu siku mbili nikaichukia saa. Chukua tu sehemu yenye busara: kiasi kidogo kinachojulikana. Maneno 400 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni maneno 2,000 kwa wiki. Katika wiki 30 una rasimu ya maneno 60,000, na wikendi zako zote umezilala.

Kwa furaha yenyewe, mambo manne yamenisaidia.

Andika kwanza onyesho unalolitamani. Hakuna sheria inayokulazimisha kuanza sura ya kwanza. Kama unachokiona kichwani ni usiku wa ng'ombe kuzaa, anza zizini. Utajua wahusika wako wanavyoongea wakiwa wamechoka, na ukirudi mwanzo utawaandika kama watu unaowafahamu.

Acha ukiwa bado na hamu. Ernest Hemingway aliwahi kueleza kwamba njia bora ni kuacha pale mambo yanapokwenda vizuri na unajua kitakachofuata. Mimi huacha katikati ya mabishano, mmoja akiwa ameshauliza na mwingine hajajibu. Asubuhi nakuja kwa shauku ya kumjibu.

Jiwekee kionjo katika kila sura, kitu kimoja ulichokitia kwa ajili ya kujichekesha mwenyewe: mbuzi mwenye kinyongo, jirani anayetoa ushauri bila kuombwa, gari lenye honi inayolia kama bata. Usipocheka wewe, huna sababu ya kutegemea atacheka mwingine.

La nne ni la siku za ukavu. Kabla hujajilaumu, rudi kurasa tano nyuma na utafute mahali ambapo mhusika alifanya kitu kwa sababu wewe ulikihitaji na yeye hakukitaka. Mara nyingi utakuta hapo ndipo raha ilipokatikia. Futa hadi hapo, mwache afanye alichotaka, uone. Kama nilivyokwambia juu ya ule ujumbe uliofutwa: aliyekwama nilikuwa mimi, lakini aliyegoma alikuwa mhusika.

Hatua ya 9: Kupitia mswada

Ukimaliza, ufungie mbali kwa mwezi. Kisha upitie mara tatu, kila mara ukitafuta kitu kimoja.

Mara ya kwanza fuata penzi tu. Kwenye kila sura andika pembeni: wamesogea, wamerudi nyuma, au wamebaki pale pale? Sura mbili mfululizo za "pale pale" ziunganishe au uzikate.

Mara ya pili fuata ucheshi. Soma kwa sauti. Mzaha unaohitaji sentensi ya kuuelezea si mzaha, na mzaha unaomdhalilisha mtu asiye na uwezo wa kujibu humfanya shujaa wako aonekane mdogo.

Mara ya tatu fuata lugha, na hapa uwe mkatili. Mioyo inayodunda kwa kasi, macho ya kurembua, umeme unaopita mwilini, dunia inayosimama: tafuta zote. Mahali pa kila moja jiulize mwili wa mtu huyu, mwenye kazi hii, ungefanya nini. Daktari wa mifugo akishikwa mkono na mtu anayempenda hahisi umeme. Anajikuta anahesabu mapigo ya mshipa wa yule mtu, kwa mazoea, na anagundua yanakwenda mbio kupita ya kwake.

Hatua ya 10: Wasomaji watatu

Wape mswada watu watatu wanaosoma riwaya za mapenzi kwa hiari yao. Ndugu anayekupenda na mwalimu wa fasihi anayezidharau hawatakufaa, kila mmoja kwa sababu yake. Usiwaulize kama ni nzuri, maana watasema ni nzuri. Waulize walicheka ukurasa gani, waliruka ukurasa gani, na ni wapi hasa walianza kuwatakia hawa wawili mema. Jibu la swali la tatu likija baada ya sura ya tano, umechelewa, rudi hatua ya tatu.

Ukurasa uliorukwa na wote watatu, ukate, hata kama ndio ulioupenda kuliko yote. Usiutupe lakini. Unakili kwenye lile daftari la mfukoni, mstari mmoja mmoja, katikati ya maneno ya watu na kanuni za lifti. Mbuzi wangu mwenye kinyongo alikatwa kwenye riwaya mbili kabla ya kupata zizi.